Maneno hana, meno anayo

MASWALI YA WASOMAJI

Swali

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, twakaa Langoni, Lamu. Kijana wangu wa katikati ana miaka mitatu na miezi minane. Maneno yake ni ya kuhesabu: "maji", "baba", na "ta" akitaka taa au simu. Wenzake wa umri huo washaanza kusoma Alhamdu, yeye akitaka kitu hunivuta mkono au hulia. Hilo ningelivumilia. Linalonishinda ni kupiga na kuuma watu.

Juzi baada ya alasiri dadake wa miaka minane alimnyang'anya simu yangu. Kijana akamuuma mkono, alama za meno zikakaa mpaka asubuhi. Nikamrudishia simu ili nimshughulikie msichana aliyekuwa akilia. Jumamosi walikuja wageni wa mavyaa wangu, nyumba ikajaa watoto, akampiga mmoja kwa kopo la plastiki usoni. Nikamfungia chumba cha ndani kama adhabu. Ajabu, alinyamaza papo hapo, nikamkuta anapanga viatu. Na kila nikikaa kumnyonyesha mdogo wake, huja akamvuta mguu huku akinitazama mimi. Nikimpigia kelele, hucheka.

Shule ya chekechea wameniambia nikae naye nyumbani mpaka atulie. Bwanangu huendesha boti ya abiria ya Mokowe, hurudi jioni amechoka, akisikia habari za mchana humchapa. Mavyaa wangu asema ni jicho, amemfanyia kombe la aya za Kurani, na kila akimwona husema, "Huyu maneno hana, meno anayo." Jirani ananishauri nimuume na mimi aonje uchungu. Masikio nadhani hayana kitu, maana simu ikilia chumba cha pili hukimbia, na ngoma za harusi zikipita mtaani huyaziba akajificha nyuma ya mlango. Alipopita mwaka mmoja alilazwa kwa malaria, akapata degedege. Nimeanza kuogopa kutoka naye. Nifanye nini?

*Mama Langoni, Lamu*

Jibu

Waaleikum salaam, mwanangu. Umeniandikia vizuri kuliko unavyodhani. Visa vyako vitatu vimebeba karibu yote niliyohitaji, na nitavishika kimoja kimoja. Lakini kabla ya visa kuna mwili.

Mpeleke akapimwe masikio. Kukimbilia simu hakutoshi kuwa ushahidi. Watoto wa umri huu wanaopata mafua mara kwa mara aghalabu huwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto wa hivyo husikia mlio wa simu, na ngoma ya harusi huweza kumkera kabisa, lakini sauti nyepesi za maneno, zile za s, f, k na sh, humpita. Mazungumzo ya nyumbani kwake huwa kama ya watu walio upande wa pili wa ukuta. Anza hapo hapo mjini, hospitali ya King Fahd. Ukiambiwa kipimo fulani hakipatikani, omba barua ya rufaa, wala usione haya kuiomba.

Ukiwa kwa daktari, mwambie amfungue kinywa atazame meno. Mwambie kama choo chake ni kigumu, kama hukoroma usiku na kupumua kwa mdomo, kama usingizi wake ni wa kukatika katika. Mtoto anayeumwa na jino na hana neno la kulisema, maumivu yale atayatoa kwa aliye karibu. Na ile malaria usiiache nje ya maelezo. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust pale Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali, iliyowapa degedege au kuwapoteza fahamu, hubaki na matatizo ya lugha au kifafa. Sisemi kuwa ndiyo sababu ya mwanao. Nasema daktari alijue hilo, na ajue pia ukimwona mtoto akiganda ghafla, macho yametulia pahali pamoja, asikuitikie.

Muulize vilevile kuhusu usonji, yaani autism. Mtoto hapimwi kwa barua, na mimi sitathubutu. Ila mambo mawili uliyoyataja, kupanga viatu na kuziba masikio, mwambie daktari, pamoja na haya: je, hukuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukitazame, au hukuvuta mkono tu kama anavyovuta mlango? Ukimwita jina, hugeuka? Na kama kuna maneno aliyokuwa nayo zamani kisha yakapotea, liseme hilo kabla ya jingine lolote. Baada ya hospitali nenda ofisi ya elimu ya kaunti uulizie kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivi Kenya imekuwa navyo tangu 1984, na kazi yao ni kumtazama mtoto kama wako na kusema anahitaji shule ya namna gani na msaada gani. Usingoje "atulie" kwanza.

Sasa visa vyako.

Simu ilichukuliwa, akauma, simu ikarudi. Nyumba ilijaa makelele, akapiga, akapelekwa chumba kitulivu. Mama alimgeukia mtoto mchanga, akavuta mguu, mama akamgeukia yeye. Visome tena hivyo hivyo, kilichotangulia, alichofanya, alichopata. Mkono ni ule ule lakini mara ya kwanza uliomba simu, ya pili uliomba kutoka, ya tatu ulikuomba wewe. Na mara zote tatu ulijibiwa. Kile chumba ulichokiona adhabu, kwake kilikuwa ndicho hasa alichokitaka, ndiyo maana alinyamaza. Anacheka ukimpigia kelele kwa sababu amefanikiwa. Uso wako umegeuka. Usimwone mwovu. Ana shida tatu za kweli na njia moja tu ya kuzisema.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha utafiti juu ya jambo hili hili. Walichunguza kwanza mtoto anapata nini kwa fujo zake, kisha wakamfundisha njia nyingine ya kukiomba kitu kile kile. Fujo zikapungua. Nimefundisha kitengo maalumu hapa Malindi hadi nilipostaafu, na huo ndio uliokuwa msingi wa darasa langu: usimnyang'anye mtoto silaha yake kabla hujampa ulimi.

Ulimi wake kwa sasa utakuwa mikono. Mchagulie ishara tatu, zisizidi, moja kwa kila shida. Kiganja wazi kilichonyooshwa: nipe. Viganja viwili vinavyopanguswa, kama mtu amemaliza kula: basi, nataka kutoka. Kukugonga begani kwa vidole: mama, nitazame.

Usizifundishe wakati wa ugomvi. Mtu aliyepandwa na hasira hafundishiki, mkubwa wala mdogo. Zifundishe asubuhi, ana njaa na yu mzima wa moyo. Keti naye chini, chukua hamri ulikate vipande vidogo vidogo, ushike kimoja anachokiona. Dadake akae nyuma yake. Mtoto akinyoosha mkono kukinyakua, dada autwae ule mkono polepole, aukunjue uwe kiganja wazi mbele yako. Wewe hapo hapo, bila kuchelewa hata pumzi moja, tia kipande kiganjani useme "nipe". Kipande kingine, vivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa dada apunguze: aguse kiwiko tu, kisha asiguse kabisa. Jambo moja nakusihi. Usiseme "sema kwanza ndipo nikupe." Ukimnyima mpaka aseme, utamrudisha kwenye meno, maana meno hayamkawizi.

Najua mavyaa wako atauliza kama ishara hazitamzoeza ububu. Swali hilo huulizwa na kila familia, na lina haki ya kuulizwa. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba watoto waliopewa ishara au picha hawakupoteza usemi, na kwa wengi wao uliongezeka. Wewe kila akionyesha ishara, litamke neno lake mara moja, kwa uwazi, ukimtazama usoni. Lugha usiibadilishe. Sema naye Kiamu chako unachosema na watu wa nyumbani. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, zinamchelewesha nyuso zisizomwelekea. Na punguza kumuuliza "hii nini? sema!" Badala yake mtajie anachokitazama, "punda", "punda amebeba mchanga", kisha nyamaza umpe nafasi. Hesabu moyoni mpaka tano. Wengi wetu hatumudu kungoja hivyo, na mtoto mzito wa kusema ndani ya zile tano ndimo anamokuja.

Turudi kwenye siku ya fujo yenyewe. Akielekea kuuma, weka mkono wako katikati au mwondoe mwenzake, useme maneno machache kwa sauti ya chini: "Hapana kuuma." Mawaidha marefu hayamfikii. Kisha mkunjue mkono afanye ishara ya alichokuwa akikitaka. Akishauma, usiuvute mkono ulioumwa, nyama itachanika. Usukume kidogo kuelekea kinywani mwake, ataachia. Ngozi ikipasuka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, umwonyeshe mhudumu wa afya. Dadake mhudumie mbele kabla ya yeye, kwa utulivu. Simu isirudi kwa jino. Irudi baada ya kiganja, hata kama kiganja chenyewe mmemsaidia kukikunjua.

Kwa wageni, usingoje kopo liruke. Mtazame: ataanza kuziba sikio, au kuzunguka, au kukaza taya. Hapo ndipo umshike viganja avipanguse, "basi", umpeleke chumba kile kile akapange viatu vyake. Chumba hakijabadilika, lakini safari hii amefika kwa kuomba. Wakati wa kunyonyesha, mwite wewe kabla hajaja. Mkalishe ubavuni, mpe kikombe chake au kitu anachokipenda ambacho hutoka saa hiyo tu, na akikugonga bega mgeukie kwa uso wote.

Kuna siku ngumu itakuja na ni bora muijue mapema. Mkianza kumnyima simu akiuma, atauma zaidi kwanza. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa kugonga mara moja, ukikataa, ataugonga kwa nguvu. Mkivunjika siku hiyo mkampa, atakuwa amejifunza kwamba dawa ni kuuma sana. Kwa hiyo msianze mpaka nyumba nzima imekubaliana, na mpaka kiganja cha "nipe" amekishika vizuri kwa vipande vya hamri.

Jirani mwambie ahsante, lakini usimuume mtoto. Anajifunza kwa kutazama kuliko kwa kuambiwa, na wewe ndiwe anayekutazama sana. Kuhusu bwanako, zungumza naye usiku watoto wamelala, usimpe malalamiko, mpe kazi. Mtoto anayechapwa jioni kwa kosa la alasiri haunganishi mambo hayo mawili. Anachojua ni kwamba baba akirudi pana kiboko. Na "baba" ni moja ya maneno yake machache! Baba akitia mguu mlangoni, jambo la kwanza liwe mtoto kunyoosha kiganja na baba kumtilia kitu kidogo. Njugu za kukaanga hapana, zaweza kumpalia; kipande cha ndizi chatosha. Mume anayejua bahari anajua kusubiri maji yajae, hilo analiweza.

Mavyaa wako mheshimu. Kombe na dua sina neno nazo, ilimradi kipimo cha masikio hakicheleweshwi. Mkabidhi ishara moja iwe yake, ile ya kugonga bega, awe yeye ndiye mwalimu wake. Bibi aliyefundisha kitu hukilinda. Na umwombe kwa upole asiseme yale maneno ya meno mbele ya mtoto. Huenda anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyatoa.

Simu sikwambii uitupe baharini. Mpe kwa saa maalumu, na kabla ya kuichukua mwonyeshe viganja vya "basi" mara ya kwanza, ngoja kidogo, mara ya pili, kisha ichukue huku mkono wa pili ukimpa kitu kingine. Kunyang'anywa ghafla kungemkasirisha hata mtu mzima.

Wewe mwenyewe toka naye. Anza alfajiri, njia za Langoni bado tupu, punda hawajaanza msongamano, mwende mpaka ufuoni mrudi. Hukumlea vibaya. Mama asiyemjali mwanawe hakumbuki kwamba alikuwa anapanga viatu.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hapa Malindi. Nina mtoto wa miaka mitano mwenye maneno machache anayewapiga wenzake, hasa kwenye foleni ya uji. Wazazi wawili wamekuja kudai aondolewe shuleni, na mmoja amenitaka nimchape mbele ya darasa. Mwalimu mkuu ameniachia mimi. Nimwondoe?

*Mwalimu, Malindi*

Jibu

Marahaba. Usimwondoe, na kiboko usikishike. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya viboko shuleni, na elimu ya awali imo ndani ya sheria hiyo. Katiba yetu, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Wazazi hao wana haki ya watoto wao kuwa salama, na hilo ni jukumu lako kweli, lakini haki yao haifiki mpaka kwenye kumfukuza mtoto wa mwenzao.

Umenipa neno moja la thamani: foleni. Nilikuwa na kijana darasani aliyewapiga wote waliosimama nyuma yake saa ya uji, na pahali pengine popote alikuwa mpole. Nilisimama kando nikamtazama. Kila aliye nyuma, akisogea, tumbo lake liligusa mgongo wa huyu. Akiguswa hupandisha mabega, akiguswa tena hugeuka na ngumi tayari. Hakuwa na neno la "sogea mbali". Tulimtoa kwenye foleni tukampa kazi ya kugawa vikombe, asimame pembeni ya meza, mgongo ukutani. Kisha polepole tukamfundisha kuinua kiganja mbele ya mwenzake, na darasa zima likafundishwa kwamba kiganja kile maana yake ni rudi nyuma hatua moja. Wenzake waliiheshimu ishara hiyo kuliko baadhi ya walimu.

Mtazame wako kwa wiki nzima, na daftari mkononi: nani alikuwa nyuma yake, saa ngapi, jua kali kiasi gani, ameingia na njaa au ameshiba, baadaye alipata nini. Huenda si mgongo. Huenda ni kungoja kwenyewe, au harufu, au mvuke wa uji. Mwite mama yake muulize nyumbani hupiga wakati gani. Muulize pia kama masikio yamewahi kupimwa, na kama hayajapimwa waende hospitali ya Malindi kabla muhula haujaisha.

Wazazi waliokuja usiwajibu mlangoni. Wakalishe, waambie unachofanya na kuanzia lini, na wapi mtoto wao atakaa ili asifikiwe na ngumi kwa sasa. Diagnosi ya mtoto wa mwenzao usiwape, si yako kuitoa. Na ikitokea amempiga mtu tena, mpigie simu mama wa aliyepigwa wewe mwenyewe, mchana huo huo, kabla mtoto hajafika nyumbani.